Alama ya Hamsini

Muhula wa tatu, kidato cha pili, tukapewa fomu.
Karatasi moja, visanduku vinane,
vitano vimekwisha tiwa vema kabla hatujashika kalamu:
Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, Kemia,
na Dini, maana hapa Riamoturi kwa Walutheri
hata anayetaka kuwa fundi wa umeme
sharti aeleze kwanza neema ni nini.

Vitatu vilivyobaki ni vyenu, akasema mkuu wa masomo.
Vyenu, akarudia, kisha akasoma masharti.
Sayansi ya pili ni lazima.
Kilimo au Biashara, si vyote viwili.
Fizikia, asiyefika hamsini asiiguse.
Alisema "asiiguse" kama anayeonya juu ya waya ulio uchi.

Mimi nilikuwa na hamsini.
Hamsini kavu, nyekundu, imezungushiwa duara.
Bwari akanipiga kofi la mgongo: umeponea chupuchupu!
Usiku, wakati wa prepu, nikaitazama ile karatasi
kama mtu anayehesabu chenji aliyokwisha kuipokea.
Swali la kwanza tisa, la pili kumi na moja,
la tatu, lile la bembea, nne za huruma,
la nne kumi na tano, la tano kumi.
Nikajumlisha kutoka juu, nikajumlisha kutoka chini.
Nikajumlisha kwa vidole chini ya dawati,
maana vidole havina haya.
Arubaini na tisa.

Asubuhi Mchungaji Oseko alihubiri
kwamba wokovu haununuliwi kwa matendo.
Nilikuwa nimevaa waridi la shule kifuani,
ndani ya waridi moyo, ndani ya moyo msalaba,
nikawaza: moyo huu wa uzi hauna vyumba vinne,
hauna mshipa, haujapata kufanya mtihani.
Ng'ambo ya uwanja, ubao wa matokeo
ulijua matendo tu.

Mama huchuma chai kule Kebirigo.
Mwaka mmoja karani wa mizani alimwandikia
kilo ishirini na moja badala ya kumi na mbili.
Mama alikuwa ameshafika nyumbani,
ameshavua viatu vya mpira.
Akavivaa tena. Mvua ya mawe ilikuwa inaanza.
Karani alicheka mpaka akakohoa, akarekebisha,
hakumpa hata ahsante.
Nilimuuliza mama kwa nini.
Akasema shingo inaujua mzigo iliobeba,
kisha akaniambia nipulize moto, ugali umechelewa.

Nilimkuta Mwalimu Mogusu maabarani,
anafuta vumbi kwenye betri kwa ncha ya tai.
Mwalimu, umenizidishia moja.
Akaichukua karatasi. Akahesabu kwa midomo. Akahesabu tena.
Akaniangalia
kama mtu aliyeletewa deni ambalo hakulidai.
Akaikata hamsini kwa mstari mmoja ulionyooka,
akaandika arubaini na tisa pembeni, akatia sahihi.
Hakusema neno la dini wala la fizikia.
Funga lile dirisha, akasema, mvua inaingia.

Likizo nzima nilikuwa mwanafunzi wa Biashara.
Nilikata majani huku nikijizoeza kusema mtaji,
faida, hasara, mbele ya ng'ombe
ambaye hakuonyesha kuvutiwa.

Januari, orodha zikabandikwa nje ya ofisi.
Fizikia: majina kumi na saba, yamepigwa chapa.
Chini ya la kumi na saba, kwa kalamu nyekundu,
mwandiko umelalia kushoto:
Nyachera Omwenga.

Mimi ni Nyanchera.
Imepungua herufi moja.
Bwari akanisukuma, kimbia ofisini wakarekebishe,
utafanya mtihani wa taifa kwa jina la nani?
Nikasimama pale, mkoba begani, nikalisoma,
nikalisoma tena.
Kosa hilo sikulipeleka kwa mtu.