Maiki Kiziwi

Nimepima ghala: hatua tano kwa tatu,
matofali, mabati, na harufu ya mahindi
isiyotoka hata nikisugua kwa maji ya moto.
Hapa Lurambi mvua hushika saa kuliko mwalimu wa zamu.
Saa tisa wingu limeshatoka upande wa msituni,
saa tisa u nusu hakuna amsikiaye mwenzake.

Khasoa anauliza: studio ya nini
na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo?
Namjibu ni mradi. Nalitamka neno hilo
kwa ile sauti ya mweka hazina wa chama.
Haniamini, ila ananipa mablanketi mawili,
yale yanayowasha, nitundike ukutani.
Trei za mayai nilizikataa. Kila mtu huziapia.
Nilipiga kofi mbele yake,
kofi likanirudia na deni lake lote.

Dukani kwa Mukabwa, nyuma ya soko,
maiki mbili zililazwa juu ya gazeti.
"Hii," akasema, "humsikia mende akiwaza.
Na hii ni kiziwi. Ukitaka ikusikie
ilete mdomoni kama gunzi."
Ya kwanza elfu kumi na nne, tena lazima ilishwe umeme.
Ya pili elfu sita, ikianguka haijali.
Nikawaza mshahara wa fundi wa maabara.
Nikawaza kinu cha Amukoa, jogoo wa jirani asiyejua saa,
kesha la Ijumaa, pikipiki, mabati,
mabati, mabati.
Nikamchukua kiziwi.

Kisanduku chekundu cha kuingizia sauti
nilikinunua Mumias kwa mpiga gitaa aliyeokoka.
Kisanduku hakikuokoka naye:
ukigusa kitufe cha kushoto kinakohoa.
Mpwa wangu Lidonde alileta programu kwenye flashi,
kufuli imevunjwa, akajisifu,
nami nikaona kompyuta ikianza kujifungulia madirisha yenyewe.
Nikafuta. Nikachukua ile ya bure.
Njia kumi na sita tu, alicheka.
Zatosha. Kwetu nani ataimba na watu kumi na saba?

Kabla ya mteja wa kwanza (hajafika bado)
nilijaribu mitambo kwa kanda ya mama,
ya mwaka wa themanini na nane.
Nani aliirekodi, kwa nini, hakuna ajuaye.
Yumo humu humu ghalani,
anahesabu magunia kwa Kiisukha,
na juu yake mvua.

Nikasema niisafishe.
Programu huomba uionyeshe kelele kwanza,
nikaikatia sekunde tatu za mvua tupu,
nikaiambia: hii ndiyo, itafute kote, ifute.
Ikatii.
Mabati yakanyamaza kama watu wakipita karibu na msiba.
Na mama akabaki, mwembamba,
akisema kutoka ndani ya sufuria,
moja, mbili, tatu, nne,
sita.

Nilirudia mara ngapi sijui.
Gunia la tano lilikuwa upande wa mvua.

Nikabatilisha yote. Mvua ikarudi,
ikarudi na gunia, ikarudi na kikohozi chake kifupi
ambacho miaka yote nilidhani ni changu.

Asubuhi nilikuwa dukani kabla Mukabwa hajafungua,
kiziwi mkononi, ndani ya boksi lake.
Hakubishana. Alinyoosha kidole kwenye maandishi ya ukutani:
mali ikishauzwa hairudi.
Elfu nane ya kuongeza sina,
na karo, kama ujuavyo.

Kwa hiyo saa tisa u nusu utanikuta hapa,
nimepanda juu ya gunia,
mkono umenyooka hadi mabati yaninyunyizie vumbi,
nikiitazama taa ya kijani kwenye kisanduku.
Inapepesa mara moja.
Inazima.
Sogea, naiambia, sogea kidogo,
na Khasoa mlangoni, ndoo kichwani,
anauliza kwa kelele namhoji nani.