Kisanduku cha Nane

Mwendo wa saa nne kupanda kutoka halmashauri,
fomu kurasa kumi na moja ndani ya nailoni,
na baridi ya Rukum haisomi barua rasmi.
Mwalimu mkuu Tekbahadur alinivika maua ya manjano,
akanipa chai, yai, kiti pekee chenye mgongo.
Daftari la mahudhurio lilisema sitini na wawili.
Nilihesabu vichwa: thelathini na tisa,
na mbuzi mlangoni.
"Wengine wanavuna wimbi," akasema.
Wimbi lilikuwa ghalani tangu mwezi uliopita.
Nikaandika.

Choo kipya kilinukia chokaa.
Sakafu kavu. Sabuni haijavuliwa karatasi yake.
Kisanduku cha nane: Je, kipo choo cha wasichana?
Kipo. Nikatia alama.

Nilipotoka, foleni.
Wasichana, hadi kona ya ukuta,
kimya, vitabu wamevibana kifuani.
"Kuna nini?"
Junkiri wa darasa la sita akatazama kufuli
lililoning'inia wazi kwenye komeo.
"Leo kimefunguliwa," akasema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikaigeuza fomu mbele na nyuma:
hakuna mahali pa kuandika ufunguo.
Basi nikaketi tena. Nikaomba chai ya pili,
nikainywa kama mgonjwa anywavyo uji,
mkuu akitazama saa yake, mimi foleni,
mpaka wa mwisho alipotoka
akifutia mikono kwenye sketi.

Niliteremka jioni, fomu ikiwa kavu,
na mfukoni kufuli zito
ambalo mpaka leo sijaliandikia ripoti.