Jogoo wa Nsimire

Murhula hataki haraka.
"Kwanza nakala," anasema,
na jogoo wa Nsimire, aliyemfuga miaka miwili
ndani ya mchezo,
anahamia kwenye kadi ndogo kama ukucha.

Programu ameikagua mara mbili,
tarakimu kwa tarakimu, kidole kikifuata.
Betri nayo ijae.
Sisi wa Kadutu tunaujua umeme wetu:
huondoka bila kuaga.

Asilimia arobaini. Mvua inapiga bati.
Mtaa mzima, giza. Jirani anaulizia kiberiti.
Kioo peke yake kimebaki, buluu,
usoni mwa Murhula
asiyepumua.

"Usiguse."
Sigusi. Hata swali nimelimeza.

Kinawaka. Menyu ngeni, rangi ngeni.
Tunamtafuta jogoo kwanza.
Yupo.
Ana njaa.