Upande Usiochorwa

Mchoro niliupata Matrah, ndani ya jarida
la mwaka ambao mama alikuwa bado hajaolewa:
roketi ya kwenda mwezini, ya watu waliokuwa wakikisia tu,
matangi ya mviringo yamesongamana kama fungu la machungwa,
miguu mitano, ngazi ya kamba,
na mtu mdogo chini yake amenyoosha kidole juu.
Haikuundwa. Hata msumari wake mmoja haukugongwa.
Nami, Thuwaiba binti Sulaiyim,
miaka ishirini na sita mchora ramani za viwanja pale Wizarani,
niliyestaafu na miwani ya aina mbili,
nimeapa nitaiunda ya karatasi.

Kazi hii si kuchora roketi.
Ni kuivua nguo, kuilaza chali,
kuiuliza kila ngozi yake: ukikunjuliwa, u umbo gani?
Mcheduara hauna siri, ni mstatili uliojikumbatia.
Pia nayo (na hapa hucheka peke yangu,
kwa vile lugha yetu imeliita umbo hili pia,
kana kwamba lilikumbukwa mwishoni)
ukiikunjua ni kipande cha chapati.
Lakini tufe!
Tufe halitaki karatasi. Ukilifunika linakunja uso.

Usiku wa nne huu nakata, nabandua.
Agosti ya Wadi Kabir inapita chini ya mlango,
karatasi inalegea kama sikio la mbuzi;
nikiwasha kiyoyozi, gundi inakauka
kabla ulimi haujakaa mahali pake.
Binu wa duka la chapa ananiuliza,
"Mama, gramu mia na sitini tena? Za skuli?"
Namwambia ndiyo. Za skuli.

Mama yupo sebuleni, na chungwa, na kisu.
Mikono yake hutetemeka kwenye kikombe,
kwenye chungwa haitetemeki:
ganda linashuka kama utepe mmoja mwembamba, bila kukatika,
vile walivyokuwa wakimenya wauzaji wa Darajani.
Akalitupa kwenye sinia.
Likalala bapa, limejipinda huku na huku,
nyoka wa mikia miwili.
Nilimnyang'anya lile ganda kama mwizi.
Nikaliweka juu ya karatasi, nikalizungushia penseli.

Tangi la kwanza lilitoka na kidevu, kama ndimu.
La pili silisemi.
La tatu liliviringika hadi chini ya kabati
na mama akasema, "Liokote, litaliwa na panya."

Imebaki nyuma.
Muhanna, mtoto wa dada, ndiye fundi wangu wa majaribio;
ameigeuza roketi mkononi na kuuliza,
"Huku mbona peupe?"
Kwa sababu aliyechora alisimama mbele tu, mwanangu,
naye amekwisha kufa, na hakuna wa kumwuliza.

Kazini tulifunzwa: usichokipima, kichore kwa nukta.
Nukta maana yake hatujui.
Nikatoa picha ya nyumba yetu ya Miembeni,
mlango, vidaraja viwili, babu na bakora yake,
nikamwuliza mama, nyuma ilikuwaje?
Akatema kokwa ya chungwa kiganjani, akaitazama.
"Nyuma? Nyuma ndiko tulikokuwa tukiishi.
Mbele palikuwa pa kupigia picha."

Basi nimekaa tangu alfajiri.
Nimetia mlango mfupi, wa mtu kuinama.
Dirisha kwenye kimo cha jiko.
Kutoka mguu wa pili hadi wa tatu, uzi,
wa kuanikia nguo.
Muhanna ananiambia mwezini hakuna maji, mama mdogo,
wala upepo wa kukaushia.
Najua. Bomba nimeshalichora.

Ukurasa wa tisa, nyuma, sehemu ya mwisho.
Nukta ni zile zile za Wizarani, mkono ni ule ule,
ila pembeni, kwa herufi ndogo, nimeandika:
kunja hapa.