Pumzi Kabla ya Neno

Miaka tisa nilimshikia Swabra karatasi.
Nilikaa nyuma ya kamera, juu ya kreti ya soda,
na neno lilipomponyoka nilimrushia
kwa midomo tu, bila sauti,
kama ampulizaye mtoto jicho lenye vumbi.

Alikuwa mavyaa mwovu wa saa mbili usiku.
Kongowea, mwuza bamia alizikataa pesa zake:
"Ndiwe uliyemtilia sumu mkaza mwanao!"
Swabra akacheka. Kisha akaketi garini
nusu saa, ufunguo mkononi.

Sasa ametoa albamu. Nyimbo nane.
Ameirekodi Tudor, chumbani kwa mpwa wake Feiswal:
magodoro yameegemezwa ukutani,
kinanda cha kuazima, kompyuta yenye ufa,
na feni imezimwa isije ikavuma ndani ya wimbo.
Mwezi wa Machi, Mombasa, feni imezimwa.
Hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii.

Nasikiliza jikoni, unga mikononi.
Kisikizi kimoja kimekufa,
basi nusu ya albamu sijaisikia bado;
sikio la pili ni la mama, anauliza iliki iko wapi.

Sauti ile niliyozoea ikipasua vikombe
imelowekwa usiku kucha kama pojo:
imefura, imelainika, imeanza kuota,
na sijui ni kuota kupi.
Mdundo haupigwi. Unadondoka,
kama bomba letu siku ya zamu ya maji,
saa tisa usiku, ndoo zimepangwa, hakuna anayesema.
Wimbo wa tatu una neno moja, "baadaye,"
analirudia mpaka linapoteza tarehe.

Mtayarishaji wetu, Bwana Shekuwe, alinipigia simu:
"Hebu niambie wewe unayemjua,
hapa analia au anacheka?"
Nikamwambia sina karatasi.

Wimbo wa sita.
Anavuta pumzi, fupi, ya puani.
Naijua. Ndiyo ishara yetu:
neno limemtoka.
Kidole changu kikaanza kutafuta mstari
juu ya kibao cha chapati, ndani ya unga.
Mashine ikavuma peke yake,
nikahesabu tano, nane, kumi na moja,
midomo yangu imeshafunguka
na neno sina,
hakuna aliyeliandika.

Akaishusha ile pumzi taratibu,
hakuipa kitu,
na wimbo ukaendelea na safari yake.

"Unanong'ona na nani?" mama akauliza.
Chapati ilikuwa imeungua upande mmoja.
Nikafuta vidole, nikakitoa kile kisikizi kizima,
nikakihamishia sikio la pili,
nikaurudisha wimbo mwanzo.