Hesabu ya Kuanguka

Mara ya kwanza ilianguka kwa punda.
Pale Usita wa Mui unapojibana
hata watu wawili hupishana kwa kuombana radhi,
punda wa Kupi aliona mfuko wa plastiki, akaona jini,
akaruka. Kamba ya makumbi ikakatika.
Kilo ishirini na mbili za mbao, sumaku na nyaya
zikashuka juu ya jiwe
kwa kishindo kilichomtoa Bi Mwanamkuu mlangoni,
ufagio mkononi:
"Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa, bibi.
Pembe moja ilibonyea kama andazi lililokaliwa,
kitambaa cha mbele kikachanika inchi nne.
Usiku ule Mkomani, harusini, tulichomeka waya
tukashika pumzi.
Taa nyekundu ikawaka.
Nikagusa uzi mmoja tu, wa tatu, polepole,
kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa.
Amplifaya ikaitika.

Mara ya pili ni ngazi.
Ngazi za nyumba zetu zilijengwa na watu wenye kisasi:
kidato hiki shubiri, kinachofuata dhiraa,
kisha kona, kisha giza.
Shekuwe alishika chini, mimi juu.
Alisema "ngoja". Nikasikia "njoo".
Vidato kumi na kimoja. Nilivihesabu kwa sikio
maana macho nilikuwa nimeyafumba,
na mshikio wa ngozi sikuuachia.
Ningeuachia.
Kwenye kidato cha nne kidole changu kilikuwa
kati yake na ukuta.

Kwa fundi Lali, Langoni, tulifika wagonjwa wawili.
Akaanza na amplifaya.
Akaifungua mgongo kwa bisibisi, akapuliza vumbi,
akachungulia kama tabibu kooni mwa mtoto.
"Waya mmoja umeng'oka. Tone la risasi, basi.
Koni nzima. Sumaku haijahama.
Walioiunda hii hawakuiamini dunia hata kidogo."
Ndipo akaona kitambaa cha damu.
"Na hicho je?"

Hicho, walisema hospitali, hakichomelewi.
Kidole cha pete mpaka leo hakikunji,
hakijui chai ya moto wala barafu.
Palipotaka nyuzi nne sasa nabana tatu,
na watu wazima wananiambia
siku hizi napiga kwa busara.

Mara ya tatu sipendi kuieleza.
Gatini. Kati ya boti na ngazi pana pengo
la kupita paka aliyeshiba, siyo zaidi,
lakini boti lilivuta pumzi, pengo likapanuka,
na Shekuwe (ndiye tena) akabaki ameshika hewa.
Ilielea. Wallahi ilielea, uso juu,
imetulia kama mzee anayeoga,
halafu ikakumbuka uzito wake.

Vijana wakapiga mbizi kwa shilingi mia tano.
Tukaiosha kwa maji matamu, ndoo saba,
tukaianika darini siku tisa,
na mama, kila alipopanda na beseni la nguo,
akiisalimu: "Umeamkaje?"

Siku ya kumi ikaamka.
Ila ina mvumo sasa, wa chini chini, usiokatika
hata nikiweka gitaa kando.
Lali asema ni chumvi, imekaa mahali pabaya,
ataitoa kwa elfu sita.
Nikamwambia ngoja nilipwe harusi ya Shela.
Nimelipwa ya Shela.
Nimelipwa na ya Matondoni.

Kati ya wimbo na wimbo, kahawa inapozungushwa,
wageni wakilaumu wali,
mvumo ule unabaki ukumbini peke yake.
Nami naegemeza mkono juu ya mbao,
pale pembe ilipobonyea,
na kidole kile, kisichojua moto wala barafu,
kinatetemeka,
na nakisikia.