Nyuzi Hamsini

Mimi ni mshonaji, Isevya, Tabora,
kwa hiyo nyuzi nazijua:
ya pamba hukatika ukiivuta kwa hasira,
ya nailoni hukukata kidole kabla haijakatika yenyewe.
Nyuzi za joto sikuwa nimezishika
mpaka mguu wa baba.

Ilikuwa Juni, alfajiri ya meno kugongana.
Nilikuwa nimemnunulia tangi la kupashia maji
kwa fedha ya sare za shule nzima.
Fundi Kapaya alilitundika bafuni,
akaunga waya, akanawa, akapokea chake, akaenda.
Kile kigurudumu chini ya kifuniko
alikiacha kilivyotoka dukani.
Sabini.

Baba alitia mguu wa kushoto katika beseni
akausahau humo.
Sukari ilishamwibia nyayo, mwaka wa sita huu;
kandambili humvuka njiani, yeye anaendelea kutembea.
Alikuwa akinisimulia kilima fulani cha reli,
jinsi injini ilivyokohoa usiku kucha,
na nilipoingia na taulo
ngozi ilikuwa imeinuka
kama bitana iliyoshonwa na mwanafunzi.
"Kwani maji ni ya moto?" akauliza.
Aliniuliza mimi.

Huyo ndiye aliyelisha moto injini za mvuke
Tabora hadi Kigoma, miaka kumi na moja,
jicho moja kwenye njia, jicho moja kwenye saa ya presha,
na hakuna bomba lililompasukia.

Kitete walimfunga bendeji wiki tano.
Nesi hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.
Alirarua boksi la dawa, akaniandikia kwa nyuma:
sabini, ni kufumba na kufumbua;
sitini, hesabu mpaka tano;
hamsini, ni dakika, mtu anawahi kutoa mguu.
"Kama anahisi," akaongeza.
"Asiyehisi, pima wewe."

Kapaya nilimpigia, akasema usishushe ovyo,
maji ya uvuguvugu yakilala tangini hufuga vijidudu.
Basi hamsini. Si zaidi, si chini.
Kipimajoto nikaazima kwa Kalekwa, anayechuja asali
(asali yake ikipita arobaini huwa mkali kama nyuki wenyewe).
Nikazima swichi kuu. Nikafungua kifuniko.
Bisibisi nikaishika kama sindano.

"Lete hapa," baba akasema mlangoni, juu ya gongo.
"Presha ni kazi yangu."
Mkono ulimtetemeka mpaka ncha ilipoingia mfuoni,
kisha ukatulia. Naapa ulitulia.
Akazungusha kidogo, akasikiliza,
sijui alisikiliza nini.

Tukawasha, tukasubiri saa tatu.
Nilishona sketi mbili na nusu.
Nikafungua bomba, nikayaacha yatiririke kwanza,
nikakinga kikombe: hamsini na sita.
Tukazima tena. Akarudisha upana wa kucha.
Jioni, Kalekwa akidai kipimajoto chake dirishani,
ikasoma hamsini, na unywele.

Sasa kila asubuhi naanza na maji baridi,
ndipo ya moto, ndipo kiwiko changu,
ndipo kipimajoto, chetu wenyewe, cha dukani.
Baba hukishika kwenye mwanga wa dirisha,
hukunja uso wa kazi,
kisha hupaza sauti mpaka kwa jirani:
"Thelathini na saba! Njia nyeupe!"
Na hapo ndipo mguu huingia.

Hulalamika, bila shaka.
Haya maji ni ya kuoshea vikombe, husema,
enzi zetu maji yalikuwa maji.
Namsugua kisigino pale penye kovu,
laini, jekundu, lisilo na habari.

Katika daftari langu la vipimo,
kati ya kiuno cha mwalimu Nyamizi
na mabega ya bwana harusi asiyelipa,
nimeandika: Baba, hamsini.
Wateja wakiliona hudhani ni kifua.